Filamu Inaposhtuka Kila Sekunde 40

Kompyuta iliyounganishwa na televisheni sebuleni ikianza kukatakata picha, wengi hukimbilia kuilaumu mashine: imezeeka, haina nguvu, inunuliwe nyingine. Haraka hiyo imewagharimu watu fedha na tatizo likabaki palepale. Kabla ya kufungua pochi, shika saa uhesabu. Namna picha inavyokwama, na muda unaopita kabla haijakwama tena, ndivyo vinavyotaja chanzo.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa mwaka 2011, Intel ilipotoa prosesa za kizazi cha Sandy Bridge. Kwa video ya H.264 ya 1080p, chipu hizo zilitosha na kubaki. Ndani yake mna sakiti maalumu ya kufungua video, hivyo prosesa yenyewe haikuwa na kazi kubwa. Hata hivyo filamu ilikwenda laini, ikashtuka mara moja, kisha ikaendelea laini. Baada ya sekunde 40 hivi ikashtuka tena. Ilishtuka hivyo kwenye mapigano, na ilishtuka hivyo kwenye mazungumzo ya watu wawili mezani.

Usawa huo ndio ushahidi wenyewe. Mashine iliyoelemewa hukwama pale penye mengi ya kuchora: mvua, umati, bahari iliyochafuka. Mtandao ukilegea, picha huganda kabisa na kukusubirisha. Ila mshtuko unaorudi kwa vipindi vinavyolingana, bila kujali kilichomo kwenye picha, unaonyesha kwamba mahali fulani kuna saa mbili zisizokubaliana.

Saa ya kwanza imo ndani ya filamu. Sinema ilishika fremu 24 kwa sekunde tangu sauti ilipoingia kwenye filamu, mwishoni mwa miaka ya 1920. Lakini ukiikagua filamu ya Blu-ray, mara nyingi utakuta 23.976. Desimali hiyo ilizaliwa Marekani mwaka 1953, wahandisi walipoingiza rangi kwenye televisheni bila kuvuruga seti za zamani zilizokuwa majumbani. Ili ishara ya rangi isigombane na ya sauti, walipunguza kasi ya fremu kutoka 30 hadi 29.97, karibu sehemu moja katika elfu. Filamu zilizopitishwa kwenye mfumo huo zikapunguzwa kwa kipimo hichohicho. Afrika Mashariki tulifuata PAL yenye fremu 25, ndiyo maana vipindi vilivyorekodiwa kwetu kwa kawaida havina mkia huo wa desimali.

Saa ya pili imo kwenye chipu inayopeleka picha kwenye skrini. Sandy Bridge ikiombwa kuchora skrini mara 23.976 kwa sekunde, ilichora mara 24 kamili, kama wachambuzi wa AnandTech walivyoonyesha mwaka huohuo. Toa moja kwenye nyingine, inabaki 0.024. Tofauti hiyo hukusanyika hadi kufikia fremu nzima baada ya sekunde 41.7. Hapo skrini inadai fremu ambayo filamu bado haijaitoa, na programu inalazimika kurudia iliyopita. Jicho linaona mshtuko.

Kuthibitisha si kazi kubwa. Fungua faili kwa programu ya mpv na ubonyeze herufi i. Maelezo yatatokea juu ya picha: kasi ya fremu za faili, kasi ya skrini, kama chipu ya video inatumika, na fremu zilizopotea. Hesabu ya zilizopotea imegawanywa katika sehemu mbili, zile zilizopotea wakati wa kufungua video na zile zilizopotea wakati wa kuipeleka kwenye skrini. Ya kwanza ikiwa sifuri huku mshtuko ukiendelea, prosesa haina hatia. Kisha cheza faili ya fremu 25 ukiwa umeiweka skrini kwenye Hz 50. Kila fremu itaonyeshwa mara mbili sawasawa, na mshtuko ukitoweka, kesi imekwisha.

Tiba zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kuifanya skrini ifuate filamu. Programu ya Kodi, kwa mfano, ina mpangilio unaobadilisha kasi ya skrini kulingana na faili inayochezwa, ila chipu iwe na uwezo wa kutoa kasi inayotakiwa. Kwa wenye Sandy Bridge, hapo ndipo njia ilipofungwa. Ya pili ni kuifanya filamu ifuate skrini. Kwenye Windows, programu ya ReClock iliharakisha picha na sauti kwa sehemu moja katika elfu. Filamu ya saa mbili iliisha sekunde 7 mapema, na sikio halikugundua lolote. Njia hii nayo ina mpaka wake: sauti ya Dolby au DTS inayopelekwa kwenye amplifaya ikiwa bado imefungwa haiwezi kunyoshwa wala kubanwa. Ni lazima kompyuta iifungue yenyewe kwanza. Intel iliiondoa kasoro ya 23.976 kwenye chipu za Haswell, mwaka 2013.

Zipo hitilafu ambazo dawa yake kweli ni kifaa kipya. Faili ya 4K iliyobanwa kwa mfumo wa HEVC yenye rangi za biti 10 huilemea mashine ya zamani, kwa sababu kizazi cha Skylake cha 2015 kilipata sakiti ya HEVC ya biti 8, na ya biti 10 ikaja kikamilifu na kizazi cha Kaby Lake. Bila sakiti hiyo, prosesa hubeba mzigo wote. Milango ya HDMI 1.4 nayo huishia Hz 30 kwa 4K. Na diski ya Blu-ray ya 4K inaweza kufika megabiti 128 kwa sekunde, ilhali mlango wa mtandao wa kizamani hupitisha 100. Ukishuku mtandao, nakili faili kwenye diski ya ndani uicheze tena. Ikitulia, shughulikia mtandao.

Lakini aliyeona mshtuko wa kila sekunde 40 mwaka 2011 akabadilisha Core i3 kwa Core i7 ya kizazi kilekile, alilipia nguvu ambayo filamu haikuihitaji, na mshtuko ukabaki kama ulivyokuwa. Dakika tano za kuhesabu zingemwambia kwamba nguvu haikuwa imepungua, na kwamba kilichokosekana ni 0.024 ya mlingano.