Zora Hakumzuia

Dakika zisizofika 20, basi. "Calypso" ilitoka Novemba 2018 ndani ya Short Treks, vipande vifupi vilivyochipuka kutoka tamthilia ya Star Trek: Discovery. Mwandishi wake ni Michael Chabon, yule wa riwaya, aliyeshinda Tuzo ya Pulitzer mwaka 2001. Huhitaji kujua lolote kuhusu Star Trek ili ikuguse. Ila nitasema inavyoisha, kwa hiyo kama hujaitazama, nenda kwanza uitazame kisha urudi.

Mwanajeshi anayejiita Craft (Aldis Hodge) anaokotwa angani akiwa hoi. Chombo kilichomwokota hakina mtu. Kuna sauti tu, ya Zora, akili mnemba iliyokua peke yake kwa karibu miaka 1000. Wenzake walimwachia amri ya kukaa palepale mpaka warudi, na hawajarudi. Zora anamtibu mgeni, anamlisha, anamwonyesha filamu anayoipenda, Funny Face ya mwaka 1957. Craft naye anajifunza kimyakimya dansi ya Fred Astaire ili amfurahishe. Zora anajitengenezea umbo la mwanga, wanacheza. Halafu katikati ya dansi Craft anasita, anarudi nyuma. Nyumbani ana mke na mtoto.

Hapo ndipo utaelewa kwa nini kipande kikaitwa hivyo. Katika Odyssey ya Homer, Calypso anamshikilia Odysseus kisiwani miaka 7, na anamwachia kwa sababu Zeus ameamuru. Zora hana Zeus. Amri aliyo nayo inahusu yeye kubaki, haisemi kitu kuhusu mgeni. Angeweza kunyamaza tu, Craft angezeeka humo humo. Badala yake anampa chombo kidogo cha kumrudisha kwao, ubavuni kimeandikwa Funny Face. Yaani katika maisha yake yote ya utiifu, tendo moja ambalo hakuna aliyemtuma ni hilo la kumruhusu mtu aondoke. Kwangu mimi, hiyo ndiyo hadithi nzima.

Sasa twende Mei 2024. Discovery inafungwa kwa kipindi kiitwacho "Life, Itself", na muongozaji ni yule yule wa "Calypso", Olatunde Osunsanmi. Katika dakika za mwisho Burnham, sasa ni admirali mzee, anampeleka Zora mahali pa kungojea. Chombo kimerudishwa katika sura yake ya zamani. Sababu ni siri ya wakubwa. Burnham ana neno moja tu alilolisikia: Craft.

Mashabiki wengi walishangilia kwamba fundo limefungwa. Mimi nilikasirika kidogo, nikaenda kuitazama "Calypso" tena usiku ule ule. Kwa sababu kama kuna mtu aliyejua jina la Craft karne nyingi kabla hajaokotwa, basi kukutana kwao kulipangwa. Zeus amerudishwa kwa mlango wa nyuma. Ule upweke uliokuwa unauma kwa sababu haukuwa na maelezo, umegeuka kuwa kazi ya serikali.

Lakini nilipofika kwenye dansi, hasira zilipungua. Wakubwa wanaweza kupanga wawili hawa wakutane. Hawawezi kupanga Craft asite, wala Zora akubali kusitwa bila kulipiza. Mpango unafika mpaka mlangoni, ndani waliingia wao wawili.

Kasoro ipo, na sitaificha. Mke wa Craft hatumjui hata kidogo, ni sababu tu ya kuondoka. Na kwa mara nyingine sauti ya kike ndiyo inayouguza, inayolisha, inayopenda na inayobaki. Ningetaka dakika mbili za Zora peke yake baada ya chombo kile kutokomea, tujue anafanya nini siku inayofuata.

Pengine anaitazama filamu ile tena. Hiyo haikuonyeshwa, na kipindi cha 2024 nacho, pamoja na kutaka kwake kueleza kila kitu, hakikuigusa. Nashukuru walau hapo walimwacha peke yake.