Ngano ya Ngano

Simulizi za ugonjwa wa seliaki zinazoandikwa Ulaya na Marekani zina umbo moja. Ukisoma tatu, ya nne unaweza kuibashiri. Mwandishi anaumwa tumbo kwa miaka. Madaktari wanamwambia ni msongo wa mawazo. Damu inapungua, nywele zinakatika, nguo zinampwaya. Kisha anatokea daktari mmoja anayesikiliza, anaagiza kipimo cha damu, halafu kamera inashushwa kooni hadi kwenye utumbo mwembamba na kinyama kidogo kinachukuliwa. Jina la ugonjwa linatajwa, mwandishi analia kwa furaha. Sura inayofuata ni ya jikoni: mkate wa zamani unatupwa, unga mpya unanunuliwa, na simulizi inaishia kwenye harufu ya mkate usio na gluteni.

Nazisoma simulizi hizi nikiwa Tanga, Ngamiani, nyumbani kwa mama mkubwa, katika likizo ya shahada ya uzamili. Sababu ya kwanza ni tasnifu yangu, inayohusu maandishi ya ugonjwa. Sababu ya pili ni tumbo langu. Huu ni mwaka wa nne linajaa na kuendesha, na upungufu wa damu hauishi hata nikimeza vidonge vya madini ya chuma. Zahanati tatu tofauti zimenitibu taifodi. Mwaka huu daktari mmoja aliandika kwenye karatasi neno seliaki na kuweka alama ya kuuliza pembeni. Bado sijapimwa. Kwa hiyo nazisoma simulizi za watu waliofika mwisho, nami niko katikati, na katikati hiyo naona karibu zote zinairuka.

Kwa asiyeujua ugonjwa wenyewe: gluteni ni protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai. Kwa mwenye seliaki, gluteni ikiingia tumboni kinga ya mwili huushambulia utumbo mwembamba, na vile vijinyweleo vidogo vinavyofyonza chakula hubapa. Mtu anakula, lakini chakula hakimjengi. Huu si mzio, ingawa wengi huuita hivyo. Hauna dawa ya kuumaliza. Tiba iliyopo ni kuacha gluteni maisha yote. Inakadiriwa kwamba karibu mtu mmoja kati ya mia duniani anao, na wengi wao hawajui.

Hata historia ya tiba yake imesukwa kwa umbo lile lile. Kiswahili kinaita nafaka hii na hadithi ya kale kwa neno moja, na ngano inayopendwa kuhusu ngano ni hii: katika majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945, Uholanzi ilikuwa chini ya Wajerumani na watu walikuwa wanakufa njaa. Mkate ukatoweka. Watoto wenye seliaki waliokuwa wakitibiwa na daktari Willem-Karel Dicke wakapata nafuu, na mkate uliporudi wakaanza kuumwa tena. Daktari akagundua siri. Ni ngano tamu, lakini imenyooshwa. Dicke alikuwa ameanza kuwaondolea watoto ngano katika miaka ya 1930, kabla ya njaa hiyo, na tasnifu yake iliyotoa ushahidi ilitoka mwaka 1950.

Nyuma yake kuna njia ndefu yenye kona nyingi. Samuel Gee alikuwa ameueleza ugonjwa huu London mwaka 1888. Alihisi kwamba kama kuna tiba basi itatoka kwenye chakula, ila hakujua chakula kipi. Mwaka 1924 Sidney Haas wa New York alitangaza tiba ya ndizi. Watoto aliowatibu walipona kweli, kwa kuwa katika mpango wake mkate ulikuwa umekatazwa, lakini sifa zote zikaenda kwa ndizi. Wakulima wa Lushoto wangefurahi kusikia. Kutoka Gee hadi tasnifu ya Dicke ni miaka 62 ya watu kupata nafuu wasijue kwa nini, au kukosa nafuu kabisa. Simulizi inayorukia siku ya ugunduzi inaifuta miaka hiyo, na pamoja nayo inamfuta kila mgonjwa anayeishi leo katika hali kama ile.

Umbo hilo lina udhaifu mwingine: linamfanya mgonjwa awe Mzungu. Baadhi ya madaktari wetu nao wameamini hivyo, na anayeamini hivyo hawezi kuagiza kipimo. Lakini mwaka 1999 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa kwa watoto wa Kisahrawi, wakimbizi wa Sahara Magharibi wanaoishi kwenye kambi za Algeria. Zaidi ya watoto 5 katika kila 100 walikutwa na seliaki, kiwango kinachoupita kwa mbali ule wa Ulaya. Chakula chao kambini kilitegemea sana unga wa ngano wa msaada. Hata Punjab, India, ugonjwa huu unajulikana vizuri. Pwani yetu imechanganya damu za bara, Uarabuni na Uhindi kwa karne nyingi, kwa hiyo hoja ya kwamba jambo hili halituhusu haina miguu. Ninachokiona hapa Tanga ni kwamba pasipo na kipimo, ugonjwa huonekana haupo.

Je, Kiswahili chenyewe kinasimuliaje ugonjwa? Hapa pwani ndipo tuna utenzi mashuhuri ulioandikwa na mgonjwa. Mwana Kupona binti Msham alitunga utenzi wake mnamo 1858, kaskazini mwa pwani hii, kwenye visiwa vya Lamu. Alikuwa anaumwa, na miaka michache baadaye akafariki. Msomaji wa leo anayetafuta habari za ugonjwa wake atashangaa. Mwana Kupona anatuambia kwamba ameugua kwa muda mrefu, kisha anamgeukia binti yake na kuanza kumpa nasaha. Ugonjwa haupewi jina. Kazi yake katika utenzi ni kumpa mama sababu ya kusema sasa hivi, kabla hajachelewa. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani hapa Tanga mwaka 1909, aliendeleza desturi hiyo. Ndani ya tawasifu yake aliweka tenzi mbili za mawaidha, moja kwa binti yake na nyingine kwa mwanawe. Maisha yanasimuliwa ili mtoto apate la kuchukua.

Kwa hiyo nina maumbo mawili mkononi. La kwanza linapanda hadi kwenye jina la ugonjwa na kuishia hapo. La pili halihitaji jina, linapanda hadi kwenye nasaha. Nalipenda zaidi hili la pili, kwa sababu halimtengi asiye na fedha ya kipimo. Lakini nalo lina kasoro, hasa kwa ugonjwa huu: linausitiri mwili. Nasaha isiyotaja choo, damu na uchovu haitamsaidia mdogo wangu akianza kuumwa kama mimi.

Tofauti ya maumbo haya inaonekana pia mezani. Katika simulizi za Ulaya msiba mkubwa ni kuupoteza mkate. Nikijaribu kuuleza msiba huo kwa Kiswahili cha pwani, unaniponyoka, maana mkate kwetu si lazima uwe wa ngano. Mkate wa kumimina ni wa mchele. Vibibi na chila ni vya mchele. Mkate wa mofa wa asili ni wa mtama. Kuna vitumbua, kuna mihogo ya nazi, kuna bada, ugali wetu wa muhogo, kwa samaki wa mchuzi. Mama mkubwa nilipomweleza hali yangu alisema, "Mwanangu, ngano ndiyo haipatani nawe? Basi kula chakula cha nyumbani." Kwa upande wa nafaka, amesema kweli.

Msiba wetu uko penye sinia. Codex, chombo cha kimataifa cha viwango vya vyakula, kinataka chakula kinachoitwa kisicho na gluteni kisizidi miligramu 20 za gluteni kwa kilo moja. Sasa mihogo ikaangwe kwenye mafuta yaliyokaangia sambusa. Muhogo usagwe kwenye mashine iliyotoka kusaga ngano. Urojo uwe umetiwa unga wa ngano ili uwe mzito. Mikono mitano iingie kwenye sinia moja la futari, mmoja akiwa ameshika chapati. Mgonjwa wa London husoma maandishi nyuma ya pakiti. Mimi natakiwa kumhoji shangazi aliyepika tangu adhuhuri, mbele ya wageni. Simulizi zilizojaa pakiti hazinifundishi namna ya kukataa chakula cha mtu ninayemheshimu.

Ndiyo maana njia rahisi inavutia: acha ngano kimyakimya, uone. Hapo ndipo ugonjwa huu una mtego wake. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili ambazo mwili huzitengeneza kwa sababu ya gluteni. Ukiacha ngano, hupungua, utumbo huanza kupona, na kipimo kinaweza kukuambia huna kitu. Mwongozo wa Uingereza unataka mtu ale gluteni kila siku, katika zaidi ya mlo mmoja, kwa angalau wiki sita kabla ya kupimwa. Yaani ili niaminiwe, inabidi niendelee kula kinachoniumiza. Katika simulizi nilizozisoma, wiki hizo hupewa sentensi moja. Mimi ningezipa sura nzima.

Nafuu nayo si ushahidi wa kutosha. Watu wasio na seliaki pia hupata ahueni wakiacha ngano. Kipimo cha vinasaba kinaweza kuuondoa uwezekano, lakini hakiwezi kuuthibitisha, kwa kuwa watu wengi wenye vinasaba hivyo hawaugui kamwe. Halafu pwani hii ina giardia, kichocho, kifua kikuu cha tumbo na VVU. Anayejitangazia seliaki bila kupimwa anaweza kuacha chapati huku ugonjwa wenye dawa ukiendelea kumla. Hata kinyama cha utumbo hakisemi chenyewe. Vijinyweleo vilivyobapa vinaweza kutokana na seliaki, na vinaweza kutokana na maambukizi ya muda mrefu. Lazima mtu akisome kinyama hicho pamoja na damu na historia ya mgonjwa, kama sisi tunavyotakiwa kusoma beti pamoja na utenzi mzima.

Maabara niliyoiuliza mjini huchukua damu na kuituma Dar es Salaam. Kwa kamera nimeelekezwa Dar es Salaam au Moshi. Gharama ni kubwa kwa mwanafunzi, na tiba, majibu yakiwa ndiyo, itakuwa bada na wali ninavyokula tayari. Kwa nini basi nijisumbue? Simulizi za Ulaya zinajibu kwamba jina huleta amani. Jibu hilo halinitoshi. Jibu lililonishawishi nimelipata nikiwasoma Mwana Kupona na seliaki pamoja: ugonjwa huu hutembea kwenye damu. Ndugu wa karibu wa mgonjwa, yaani wazazi, watoto, kaka na dada, wana uwezekano wa karibu mmoja kati ya kumi wa kuwa nao. Mdogo wangu ana miaka kumi na sita na tayari ameshaambiwa mara mbili kwamba damu yake ni ndogo. Nikiacha ngano kimyakimya, labda nitapona mimi peke yangu. Nikipimwa, nitakuwa na jambo la kumwambia, lenye jina ambalo daktari wake hawezi kulipuuza.

Kwa hiyo nimeamua kuanza na damu, na kamera itasubiri majibu. Hadi siku hiyo nitakula chapati mbili kila asubuhi na mkate jioni. Mama mkubwa hakubaliani nami, ila ndiye anayezipika.