Kupasua Maneno

Wasomaji wetu, kuna mchezo mmoja upendwao sana vijijini na mashuleni, nao ni kupasua maneno. Mtu hulishika jina, akalikata vipande viwili au vitatu, akatafuta kwa kila kipande neno lililo sawa nacho kwa sauti, kisha akatunga hadithi ya kuviunga tena. Wasikilizaji hucheka, hustaajabu, hutikisa vichwa, na tangu siku ile hadithi huwa elimu. Mwalimu huiandika ubaoni, mtoto huipeleka nyumbani, na baada ya miaka kumi hapana akumbukaye kwamba ilianza kama mchezo.

Hatuandiki haya ili kuwanyima watu furaha yao. Kutafuta asili ya maneno ni kazi njema, na aulizaye jina limetoka wapi ana akili iliyo macho. Lakini mpasuaji wa maneno hufanya kazi bila mizani, kama mwenye duka auzaye kwa kukadiria kwa mkono. Twataka kuyapima hapa majina machache yajulikanayo na wote, tuone ni maelezo yapi yasimamayo, na yapi yaangukayo, na kwa sababu gani.

Tuanze na Unguja. Wapo wasemao kwamba jina hili ni "ungu jaa", wakieleza kuwa ungu ni chungu, na kwamba kisiwa kilijaa vyakula mfano wa chungu kilichojaa. Maelezo haya ni matamu, na kisiwa chenyewe kina neema ya kutosha. Lakini yuko shahidi wa zamani asiyekubali. Yaqut, mwandishi wa Kiarabu aliyekufa mwaka 1229, alitaja kisiwa cha nchi ya Zanj kwa jina la Lanjuya, na wataalamu wamekitambua kuwa ndicho Unguja. Jina lilikuwa na "l" mwanzoni. Kupotea kwa herufi hiyo si ajabu kwa ajuaye lugha zetu. Katika Kinyanja husemwa "njala" na katika Kiganda "enjala", na Mswahili husema "njaa". Wagiriama husema "kukala", na Mswahili husema "kukaa". Basi ikiwa jina la kale lilianza kwa "l", hicho chungu hakina mahali pa kuwekwa.

Hali ni hiyo hiyo kwa jina la Zanzibar. Wengine walipasua kwa Kiarabu, wakapata maneno yenye maana ya "nchi hii ni nzuri". Lakini waandishi wa Kiarabu waliwaita watu weusi wa pwani hii Zanj tangu zamani sana. Al-Masudi aliandika habari zao katika karne ya 10. Na "bar" ni neno la Kiajemi la pwani. Jina ni "pwani ya Zanj", wala halina sifa ya uzuri wala ya ubaya. Hii ndiyo mizani ya kwanza: kabla ya kulipasua jina, tafuta lilivyoandikwa na wale waliolisikia kabla yetu. Yamkini vipande unavyovishika leo havikuwapo siku ile.

Jina la pili ni Kilimanjaro. Rebmann aliuona mlima huu mwaka 1848, na mwenzake Krapf, katika kitabu cha safari zake kilichopigwa chapa kwa Kiingereza mwaka 1860, alieleza kwamba maana ya jina ni "mlima wa ukuu". Papo hapo akaongeza kwamba labda ni "mlima wa misafara", kwa kuwa wasafiri huuona toka mbali na kuutumia kama alama. Mwaka 1885 Joseph Thomson, katika kitabu chake juu ya safari ya nchi ya Wamasai, akasema yamkini ni "mlima mweupe". Tazameni jambo hili. Kipande kimoja tu, "njaro", kimekuwa ukuu, kimekuwa misafara, kimekuwa weupe. Na kila maana yafaa, maana mlima ni mkubwa, waonekana mbali, na kichwa chake kina theluji. Mfasiri alitazama mlima kwanza, kisha akalipa neno kile alichokiona kwa macho.

Wengine hukishambulia kipande cha kwanza. Husema, mlima wenye kimo cha meta 5,895, mrefu kupita yote ya Afrika, wawezaje kuitwa kilima, yaani mlima mdogo? Hoja hii si nzito kama idhaniwavyo, kwa sababu katika lugha nyingine za bara "ki" haipunguzi kitu. Wakamba huuita mlima "kiima", uwe mkubwa uwe mdogo. Kwa hiyo nusu ya kwanza yaweza kusimama, lakini nusu ya pili haina nguzo. Wachaga wenyewe, wakaao miguuni pa mlima, wana majina ya vilele vyake, Kibo na Mawenzi, na Krapf mwenyewe alikiri kwamba wao huuita Kibo. Hapa twapata mizani ya pili: kila kipande cha jina lazima kiwe na watu wanaokitumia kwa maana ile, katika lugha ijulikanayo. Kipande kisicho na wasemaji ni sarafu isiyo na mfalme, haipokewi sokoni. Juu ya "njaro", mwalimu mwaminifu atawaambia watoto kwamba maelezo ni mengi na ushahidi hautoshi, kisha aendelee na somo.

Tena kuna maelezo yakosayo kidogo tu, nayo hupoteza watu wengi zaidi. Wengi husema Dar es Salaam maana yake ni "bandari ya salama". Bandari ya mji ule kweli imekingika na upepo na mawimbi, na sikio la Mswahili hulisikia neno "bandari" katika "dar" bila shida. Lakini jina lilitolewa na Seyyid Majid, Sultani wa Zanzibar, alipojenga huko karibu na kijiji cha Mzizima katika miaka ya 1860, naye alisema Kiarabu. Kwa Kiarabu "dar" ni nyumba au makao. "Bandar" ni neno jingine, na asili yake ni Kiajemi. Maana yake basi ni "makao ya amani". Mizani ya tatu ni hii: uliza ni nani aliyelitoa jina, kwa lugha gani, na lini. Tukimjua mwenye jina, hatuna haja ya kubahatisha.

Sasa twaja kwa jina ambalo kosa lake si mchezo tena. Bagamoyo hupasuliwa na watu wote kwa namna moja, "bwaga" na "moyo", na wote wanakubaliana. Hata hivyo hadithi ni mbili, nazo zapingana. Ya kwanza yasema kwamba watumwa walioletwa pwani waliibwaga mioyo yao pale, kwa kuwa hawakutazamia kuiona nchi yao tena. Ya pili yasema kwamba wapagazi waliochukua pembe toka bara walipofika pale walitua mizigo yao, na mioyo ikatulia.

Tukitumia mizani tuliyokwisha kupata, hadithi ya pili ni nzito zaidi. Bagamoyo ulikuwa mwisho wa njia kuu itokayo Ujiji na Tabora, na katika karne ya 19 maelfu ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi wenye kulipwa ujira, waliingia humo na pembe za ndovu. Na mtu abwagaye mzigo amefika. Ndivyo lugha yetu isemavyo hata leo. Watumwa nao walipita Bagamoyo, hilo halikanushiki; lakini bandari kubwa ya biashara ile upande wa kusini ilikuwa Kilwa Kivinje.

Twajua wako watakaochukizwa na neno hili. Watasema kwamba tukiiondoa hadithi ya kwanza twapunguza huzuni ya watumwa. Sisi twaona kinyume chake. Machozi ya watumwa hayahitaji kutegemezwa kwa jina la mji, maana yana mashahidi wake imara. Soko la watumwa la Zanzibar lilikuwa pale watu walipopaona, likafungwa mwaka 1873, na juu ya kiwanja chake kikajengwa kanisa lisimamalo mpaka leo. Na katika Bagamoyo wenyewe mapadri walifungua misheni mwaka 1868, wakawatunza humo watoto waliokombolewa utumwani. Hayo yaliandikwa na walioyaona. Mwalimu akiyaacha mambo haya na kuitundika huzuni yote juu ya vipande viwili vya jina, amefanya hatari kubwa. Siku mwanafunzi atakapogundua kwamba jina lina maelezo mengine, ataanza kushuku na utumwa wenyewe. Kweli iliyotegemezwa kwa uongo huanguka pamoja na uongo ule.

Baada ya majina ya miji, tutazame kosa jingine, lile la kudhani kwamba asili ya neno ndiyo maana yake ya leo. Neno "gereza" latufundisha vizuri. Asili yake ni neno la Kireno "igreja", yaani kanisa. Wareno walianza kuijenga ngome ya Mombasa mwaka 1593, na ndani yake mlikuwa na kanisa. Watu wa pwani wakalichukua neno, likageuka vinywani mwao, wakaiita gereza ngome nzima. Ndiyo maana kamusi za zamani hulifasiri "ngome" na "kifungo" pamoja. Baadaye ngome zikatumika kufungia watu. Ile ya Mombasa ilikuwa kifungo tangu 1895 hata 1958. Hivyo neno lililoanza kwa maana ya nyumba ya sala limekuwa nyumba ya wafungwa.

Mpasuaji akisikia habari hii hufurahi, akapanda juu ya kiti na kuhubiri kwamba Waswahili waliliona kanisa kuwa kifungo. Hakuna jambo la namna hiyo. Waliona ngome, wakaisikia ikitajwa kwa neno geni, wakalitumia. Tena lipo la kustaajabisha zaidi. Hiyo "igreja" yenyewe yatoka katika neno la Kiyunani lenye maana ya mkutano wa watu walioitwa. Na neno letu "kanisa" latoka katika Kiarabu, nacho kilipata kwa Kiaramu, katika shina lenye maana ya kukusanya. Gereza na kanisa, kwa asili, ni mkutano na mkutano. Je, kuna mtu atakayemwambia hakimu kwamba aliyehukumiwa amepelekwa mkutanoni?

Vivyo hivyo "shule". Tuliipata kwa Wajerumani, na wa Zanzibar husema "skuli" kwa kufuata Kiingereza. Lakini babu yao ni mmoja, neno la Kiyunani lenye maana ya nafasi ya mtu asiye na kazi. Wanafunzi wetu wapalilialo shamba la shule asubuhi watalicheka neno hilo, nao wana haki. Maana ya neno hukaa kwa watu walitumiao leo. Asili yatuonyesha njia neno lilikopita, lakini haina mamlaka ya kuliamuru liseme nini sasa.

Hili lagusa watu pia, wala si maneno tu. Wako waalimu na wazee wa kanisa walioyafanya majina ya watoto kuwa hukumu. Mtoto aitwa Mashaka, nao husema mzazi hana imani. Mwingine aitwa Tabu au Shida, nao husema mzazi amemwombea mabaya, kwa hiyo jina litupwe. Hawakuuliza neno hata moja. Lau wangaliuliza, wangaliambiwa kwamba mama aliugua miezi mitatu, au kwamba mwaka ule mvua haikunyesha. Jina la namna hiyo ni kumbukumbu, sawa na Chausiku aliyezaliwa usiku na Masika aliyezaliwa wakati wa mvua. Halimtabirii mtoto kitu.

Na wenye kusoma Maandiko wasijifanye hawajui desturi hii. Raheli alipokuwa akifa katika uzazi alimwita mwanawe Benoni, mwana wa uchungu wangu. Mtu atasema kwamba Yakobo alilibadili likawa Benyamini. Ni kweli, na baba anayo haki hiyo. Lakini yuko Yabesi, aliyeitwa hivyo na mama yake kwa sababu alimzaa kwa huzuni. Hakubadilishiwa jina, naye ameandikwa kuwa mwenye heshima kuliko ndugu zake. Na jina Tomaso, tulipendalo sana katika ubatizo, kwa Kiaramu ni "pacha" tu. Hatukusikia mtu akilikataa kwa kuwa mtoto alizaliwa peke yake.

Basi, ndugu wasomaji, tusiache kuuliza asili za maneno. Kuuliza si ujinga. Lakini tuulize kwa utaratibu. Tumwendee mzee aliyelitumia neno tangu ujana wake. Tumwulize jirani wa kabila jingine kama analo neno lifananalo nalo. Tufungue kamusi, kama ile ya Krapf iliyotoka mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake, au ile ya Johnson ya mwaka 1939, tuone waliotutangulia walisikia nini. Na kabla ya kumbadilishia mtoto jina lake mbele ya watu, tuketi kwanza na mama yake, tumwulize siku ile ilikuwaje.