Bunduki ya Asili ya Uwindaji: Asili ya Nani?



Miezi michache iliyopita tulipokea barua ya mutoto wetu mmoja anayeishi Marekani. Alizaliwa hapa Kirotshe, akakimbia vita pamoja na wazazi wake akiwa angali mdogo, na leo ni mtu mzima mwenye kazi na nyumba yake. Anatuita «wazee wangu», nasi tunafurahi kuitwa hivyo. Lakini ombi lake hatukulitazamia. Anataka kununua bunduki moja nzuri ya kizamani, ya namna ile inayouzwa kwa jina la uwindaji wa asili wa Afrika, aitundike katika saloni yake kwa kumkumbuka babu yake, aliyekuwa mwindaji upande wa Walikale. Alituma picha za bunduki tatu. Pamoja nazo alituma foto ya zamani: babu yake amesimama karibu na nyati aliyekufa, bunduki mkononi. Anasema: «Wazee wangu, munichagulie ile inayofaa.»

Tulikaa tukaisoma barua ile mara mbili. Sisi si mafundi wa bunduki. Lakini shirika letu ni la desturi, na mtu akisema «asili» na «desturi» ametugusa sisi. Tena swali lake si lake peke yake. Kwa hiyo tumeona vema kumjibu hapa, mbele ya wote.

1. Bunduki zenyewe

Tuanze kwa haki, kwa kusifu kinachostahili sifa. Bunduki hizi zilitengenezwa na watu wenye akili na mikono mizuri.

Ya kwanza ni ile ya kuvuta komeo kwa mkono, kwa mpango wa Mauser, Mjerumani, wa mwaka 1898. Ina ukucha wa chuma unaoshika risasi tangu inapotoka ghalani mwake mpaka inapoingia ndani ya mtutu. Hata ukiinua bunduki juu, hata ukiigeuza huku unakimbia, risasi haianguki. Kwa mtu anayefukuzwa na nyati, jambo hilo ni uzima wake. Risasi yake ni .375 ya Holland & Holland wa London, iliyotolewa mwaka 1912: uzito wake ni karibu gramu 19, na inatoka kwa mwendo wa karibu metre 760 kwa sekunde. Ndugu yake mkubwa ni .416 ya Rigby, ya mwaka 1911, yenye ganda pana sana. Upana ule una sababu. Baruti ya wakati ule, iliyoitwa kordaiti, ilizidi nguvu kwa joto, na ganda likibanwa lilikwama ndani ya bunduki. Basi wakalipanua ili baruti ipate nafasi ya kupumua katika jua la kwetu. Hapo tunakubali: bunduki ile ilifikiriwa kwa ajili ya hali ya hewa ya Afrika.

Ya pili ina mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu, na vifyatuo viwili. Uzuri wake ni kwamba risasi ya pili haingojei komeo wala kelele: kidole kinahama tu. Ubaya wake ni bei. Ile ya nyumba kubwa za London, ikiwa mpya, inapita dola 100,000. Kwetu Masisi, hiyo ni kundi zima la ng'ombe pamoja na malisho yake, kutundikwa ukutani.

Ya tatu ni ya Winchester ya Marekani. Mwaka 1956 kampuni hiyo ilitoa risasi mpya ya .458, na bunduki yake Model 70 ikapewa jina «African», maana yake «ya Kiafrika». Mutoto wetu ameipenda hii juu ya jina.

Lakini hata kama kifaa, kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi.  Katika pori la Walikale mara nyingi mnyama unamuona akiwa hatua kumi na tano, ao humuoni kabisa, unasikia tu majani. Mtutu mrefu unanaswa na kamba za miti. Pale sikio na pua vinashinda kalibre.

Na wenyewe walilijua hilo. Mskoti W.D.M. Bell, aliyeua tembo zaidi ya 1,000 kuanzia Karamoja mpaka pande za Kongo, wengi aliwaua kwa bunduki ndogo ya milimeta 7, ambayo wengine waliona inafaa swala tu. Alikata fuvu la tembo kwa msumeno kusudi ajue ubongo unakaa wapi. Basi hata kwa mwalimu wao mkubwa, ujuzi ulitangulia mbele ya bunduki. Hatumsifu kwa tembo 1,000, kwani alitafuta pembe, hakutafuta chakula. Lakini anayesema kwamba bunduki kubwa njo inafanya mwindaji, Bell mwenyewe anamkataa.

2. Neno lililoandikwa juu yake

Sasa tufike penye lawama yetu. Hatulaumu chuma, tunalaumu neno.

Mwaka 1890 wakubwa wa Ulaya walikutana Brussels wakatia sahihi mapatano. Ndani yake walikataza kuingiza silaha za moto, zaidi sana zile mpya za mtutu wenye mifereji, katika sehemu yote ya Afrika kati ya mstari wa 20 kaskazini na wa 22 kusini. Sisi tuko katikati kabisa. Mwafrika aliweza kuachiwa gobori la jiwe na baruti ya kawaida, tena kwa masharti. Mzungu msafiri aliweza kupata ruhusa ya silaha yake. Sababu iliyotajwa ilikuwa kuzuia biashara ya watumwa, na kweli wafanyabiashara wa pembe na watumwa waliokuja na bunduki kutoka upande wa Nyangwe na Kasongo waliharibu vijiji vingi. Hatulifichi hilo. Lakini tazameni miaka: 1890 katazo, 1898 komeo la Mauser, 1911 Rigby, 1912 Holland. Bunduki iliyoitwa ya Afrika ilizaliwa katika wakati ambapo Mwafrika alikatazwa kuwa nayo. Aliruhusiwa kuibeba tu.

Kuibeba, ndiyo. Katika safari za uwindaji za wakati ule kulikuwa daima na mtu wa bunduki ya pili. Theodore Roosevelt alipokuja mwaka 1909 baada ya kuacha urais wa Marekani, alikuwa na bunduki ya mitutu miwili ya Holland aliyopewa zawadi na rafiki zake Waingereza. Yeye na mwana wake Kermit waliua wanyama 512 mpaka mwaka 1910. Kila siku nyuma yao walitembea watu weusi wenye bunduki begani, waliosoma nyayo, waliosema «simama» na «yuko pale». Bila wao hakuna uwindaji. Lakini bunduki zinazosifiwa leo zinaitwa kwa majina ya Rigby na Holland, si kwa majina yao.

Hapo tulirudi kwenye foto ya babu. Tulimwonyesha muzee mmoja wa hapa aliyemjua vizuri. Aliiangalia muda mrefu, akasema:

«Huyu ni yeye, kweli. Lakini ile bunduki haikuwa yake, batoto bangu. Ilikuwa ya mukoloni mwenye shamba la kahawa. Yeye alikuwa anaibeba tu. Muzungu akipiga, yeye anamupa ingine. Siku ya foto bakamuambia: simama pale, shika. Akashika. Kisha bakamunyanganya.»

Tukamuuliza: basi hakuwa mwindaji?

«Eeh! Alikuwa mwindaji kuwapita wote. Lakini kwa nyavu na mbwa. Ile ya muzungu ilikuwa kazi ya mushahara.»

Tulijiuliza sana kama tumwambie mutoto wetu ao tumwachie picha yake nzuri. Tumeamua kumwambia. Hatukumpunguzia babu heshima. Tumemrudishia uwindaji wake mwenyewe.

3. Uwindaji wa babu

Uwindaji ule wa nyavu, wazee wa Kihunde na wa Kinyanga wanaukumbuka. Wanaume walifunga nyavu zao moja kwa nyingine, kila mtu na wake, mpaka zikafanya ukuta mrefu porini. Watwa, wenye kulijua pori kuliko sisi wote, waliongoza. Mbwa walifungwa kengele za mti shingoni, kwa sababu mbwa wa pori hawabweki, na mwenye mbwa alijua kwa mlio wa kengele mnyama anakimbilia wapi. Mkuki ulikuja mwisho. Nyama iligawanywa: mwenye wavu sehemu yake, mwenye mbwa sehemu yake, wa kwanza kuchoma sehemu yake, wazee na wajane nao wasisahauliwe. Ngozi ya chui ilikwenda kwa mwami. Hakuna aliyeweza kusema «nimeua» peke yake. Alisema «tumeua».

Tena kulikuwa na mipaka. Mwaka uleule wa 1956, wakati Winchester ilipoandika «African» juu ya bunduki yake, katika pori la Wanyanga muzee Rureke alikuwa anamsimulia Daniel Biebuyck hadithi ya Mwindo, kwa siku 12. Biebuyck na Kahombo Mateene, mwana wa Kinyanga, waliitoa katika kitabu mwaka 1969. Tukitafuta klasiki ya uwindaji ya kwetu, ni hiyo. Na silaha ya Mwindo ni nini? Si mkuki, si upinde. Ni usinga, ule wa kufukuzia inzi.

Tena angalieni hadithi inavyokwisha. Mwindo anatamani nyama ya nguruwe wa porini, anatuma Watwa wake, na baadhi yao wanamezwa na Kirimu, jitu lenye vichwa saba. Mwindo anakwenda anamuua Kirimu. Sisi wa leo tungemaliza hapo, tupige foto. Lakini Nkuba, yaani Radi, alikuwa rafiki wa Kirimu. Anamchukua shujaa juu mbinguni mwaka mzima, anaonjeshwa mvua na baridi na jua, kisha anakatazwa asiue tena mnyama yeyote, wa porini wala wa kijijini, hata mdudu. Anarudi nyumbani kutawala watu wake kwa amani. Kwa bunduki, mnyama mkubwa aliyeanguka ni mwisho wa hadithi. Kwa Wanyanga, ni mwanzo wa kuulizwa.

4. Lawama yetu sisi wenyewe

Tusijifanye watakatifu. Sisi pia tulipokea gobori tukaliita letu. Tuliuza pembe. Na tangu vita vya Masisi vya mwaka 1993, bunduki ya kivita imeingia ndani ya pori letu kuliko .416 yoyote. Katika parke ya Virunga, viboko walikuwa karibu 30,000 katika miaka ya 1970. Katikati ya miaka ya 2000 walikuwa wamebaki chini ya 1,000, wengi wakiwa wameuawa na watu wenye silaha za vita. Hao hawakuwa Roosevelt. Walikuwa watu wa wakati wetu.

Na vijana wetu, ukiwaambia neno «bunduki», hawafikiri nyama. Wanafikiri mtu. Hilo njo linatuumiza kuandika. Kwa hiyo picha ya bunduki ukutani, hata iwe nzuri namna gani, hapa kwetu haisomwi kama inavyosomwa Marekani.

5. Jibu

Basi mutoto wetu, tunakuchagulia hivi. Kama sheria ya huko inakuruhusu, na unapenda kazi nzuri ya chuma na mti, chukua ile ya kwanza, ya komeo, yenye .375. Inasema kile inachofanya, na haijiiti jina la watu wengine. Ya mitutu miwili iache. Fedha ile ingesomesha batoto wengi. Ya tatu iache juu ya jina lake.

Lakini usiitundike kando ya foto ya babu ukawaambia wageni: hii ni desturi yetu. Kando ya babu panafaa kengele ya mbwa.

Tulitaka kukutumia moja. Tumeulizia nyumba kwa nyumba hapa Kirotshe, hatukuipata. Zingine ziliungua, zingine ziliachwa njiani wakati wa kukimbia, zingine zilitupwa tu kwa kuwa mbwa hawapo tena. Muzee yule wa foto anajua bado kuichonga. Tulipomwomba, alikubali, kisha akauliza: «Nitachonga. Lakini nani atakaa hapa aone namna mikono inapita?»

Swali hilo hatukuweza kulijibu siku ile. Wenye vijana nyumbani, muwatume. Muzee anakaa mbele ya nyumba yake kila asubuhi.