Barafu Itembeayo: Kasoro za Istilahi katika Tafsiri za Jiografia

Miongoni mwa miswada ifikayo mezani petu, imo inayoeleza jinsi barafu ya nchi za baridi inavyopandisha bahari. Juhudi za wafasiri zastahili pongezi. Hata hivyo, hatuna budi kusema kwamba istilahi wanazotumia zinaficha nusu ya habari: msomaji huambiwa kuwa barafu huyeyuka, lakini haambiwi kuwa barafu hutembea.

Kasoro ya kwanza ni neno theluji. Theluji ni ile iangukayo kutoka mawinguni. Ikirundikana miaka mingi na kushindiliwa kwa uzito wake, hugeuka barafu, na barafu hiyo huteremka polepole kuelekea bondeni au baharini. Barafu hiyo iteremkayo ndiyo tuiitayo barafuto. Wako walimu wanaolikataa neno hili kwa ugeni wake. Sisi tunalitetea, maana mwisho wake unamkumbusha msomaji mto, na mto ni kitu kiendacho.

Kasoro ya pili ni kiangazi. Kwa wengi wetu hayo ni majira yasiyo na mvua, mito inapokauka. Kumbe huko Greenland, miezi ya Juni hadi Agosti ndiyo ambayo maji hububujika juu ya barafu na kufanya maziwa. Majira ya joto ni maneno yanayotosha.

Ya tatu inahusu shimo ambalo maji hayo hutumbukia hadi chini ya barafu. Mfasiri mmoja ameliita kinu, kwa kufuata neno la Kifaransa lenye maana hiyo. Amefasiri neno, hakufasiri kitu, kwani hapana kinachosagwa humo. Twapendekeza mlizamu, neno ambalo watu wa pwani wanalo tayari kwa mfereji uangushao maji. Jambo lenyewe si dogo. Julai 2006, ziwa moja la magharibi mwa Greenland, lenye eneo la kilomita za mraba 5.6, lilimwagika kwa muda wa saa moja na nusu hivi, maji yakapenya barafu yenye unene wa karibu mita 980.

Maji yafikapo chini huinua barafu kidogo na kupunguza msuguano wake na mwamba, nayo huteleza kwa kasi zaidi. Jay Zwally na wenzake walilionyesha jambo hilo mwaka 2002, kwa vipimo vya kati ya 1996 na 1999. Lakini mfasiri asikimbilie kuandika kwamba joto likizidi na mwendo huzidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa, katika barafuto ziishiazo nchi kavu, miaka yenye joto kali mwendo hupungua mapema, kwa sababu maji mengi hujichimbia mifereji na kutoka upesi.

Kasoro ya nne ndiyo yenye hatari kwa watumishi wa serikali, nayo ni kina cha bahari. Kina hupimwa toka juu ya maji hadi sakafuni. Bandarini chaweza kupungua kwa mchanga ilhali usawa wa bahari unapanda. Apangaye ukuta wa pwani anahitaji kujua usawa, na barafu yote ya Greenland ingetosha kuupandisha kwa mita 7 hivi. Tena barafuto iingiapo baharini hupandisha usawa hapo hapo, hata kabla ya kuyeyuka. Ile ambayo tayari inaelea, ikiyeyuka, haiongezi chochote cha kutajika. Hapo ndipo ionekanapo hasara ya kusahau mwendo.

Kwa hiyo basi, twapendekeza barafuto, majira ya joto, mlizamu, kuteleza na usawa wa bahari. Mwenye neno bora kuliko mlizamu, hasa kutoka kwa wavuvi na waashi, atuletee. Tutalipima kwa furaha.