Mbuzi na Mkuki

Ukitaka kujua kama kijana wa Nyaishozi, Karagwe, ameyashika majigambo ya wazee, usimpe vita, mpe mbuzi. Mwambie asimulie alivyomfukuza mbuzi aliyeingia kibanjani, lakini kwa lugha ya shujaa aliyerudi kutoka vitani: ajitaje jina, amtaje na babu yake, ahesabu migomba iliyookolewa, atiririke bila kuvuta pumzi, kisha achome mkuki chini. Asicheke. Akifika neno la mwisho bila kukatika, kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, kitamwagika mikononi mwa wasikilizaji.

Huo ni mwigo wa kejeli, ambao wahakiki huuita parodia: umbo kubwa limevishwa jambo dogo. Kicheko chote kinatokana na usahihi. Majigambo hayo, ebyebugo kwa Wahaya, yana mapigo yake, na tendi zao zinazoimbwa kwa enanga, ala ya nyuzi, zina kina kilichomtosha mtaalamu wa fasihi M. M. Mulokozi kuandika tasnifu nzima ya uzamivu mwaka 1986. Asiyeyajua mapigo hayo ataishia kupiga kelele tu, na mbuzi atabaki mbuzi.

Si kila mwigo ni kejeli. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny waliutumia wimbo wa Saida Karoli, mwana wa Kagera, wakatoa "Salome". Wao waliurithi wimbo ule, hawakuucheza shere.

Ngoma ya beni ni habari nyingine, nami naistahi kuliko zote. Ilianzia Lamu na Mombasa miaka ya 1890: ngoma, tarumbeta, sare, gwaride, na vyeo vya kizungu walivyopeana watu ambao serikali isingewapa kamwe. Vita Kuu ya Kwanza ikaisambaza bara. Mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima, kikatoka 1975, na swali bado liko pale pale: wachezaji walikuwa wanamsifu mkoloni au wanamcheka? Nasema yote mawili. Mtu hawezi kupiga gwaride vizuri kiasi kile bila kulipenda, na mtawala hawezi kulitazama bila kujiona jinsi alivyo.

Vijana wa Karagwe na Kyerwa mnaorekodi vichekesho kwa simu, nawaomba jambo moja. Kabla hamjamwigiza mzee wa enanga, kaeni miguuni pake mpaka muweze kuuimba utendi wake kwa dhati, mwanzo hadi mwisho. Mbuzi mtamleta baadaye.