Mnyama Ukurasa Huu, Binadamu Ukurasa Ule

Bila shaka umeshaiona ile chati ya mwili inayotundikwa darasani: mtu amesimama, kifua wazi, moyo, mapafu, ini na figo vimeelekezewa mishale. Pembeni kuna chati nyingine, ya wanyama: wenye uti wa mgongo huku, wasio nao kule. Zote mbili ni safi, na kwa kukariri majina zinasaidia sana. Kasoro yake iko katikati: hakuna mshale hata mmoja unaotoka chati moja kwenda nyingine.

Sasa muulize mtoto wa darasa la tano kama yeye ni mnyama. Usishangae akicheka, au akinuna. Mtaani "mnyama" ni tusi. Hata pasipo tusi, mnyama ni mbuzi au simba. Kuku ni ndege, nzi ni mdudu. Sayansi imelichukua neno hilohilo ikalipanua, likawameza nzi, samaki, kuku na wewe msomaji. Mwalimu asipolisema hilo waziwazi, mtoto anabaki na maana mbili zinazogombana. Na ajabu ni kwamba sarufi yetu inalijua siku zote: mti unakua, lakini nzi anakua, kuku anakua, mtu anakua.

Ushahidi wenyewe uko jikoni. Shika bawa la kuku. Kipande cha juu kina mfupa mmoja, kinachofuata kina miwili. Haya, papasa mkono wako: bega hadi kiwiko mmoja, kiwiko hadi kifundo miwili. Twiga naye, na urefu wote ule, shingo yake ina pingili 7, sawa na yako. Hata tofauti zinafundisha: tumbo la mbuzi lina vyumba 4 kwa sababu majani ni kazi kuyasaga. Letu lina kimoja, nasi hatuwezi kushiba nyasi.

Je, haya ni mambo ya mtihani tu? Hapana. Virusi vya kichaa cha mbwa hushambulia ubongo wa mbwa, wa ng'ombe na wa mtu, kwa kuwa miili hiyo inafanana kiasi cha kuvipa njia. Maziwa mabichi ya ng'ombe mwenye brusela humwuguza anayeyanywa. Mtoto anayeamini mwili wake hauhusiani na wa ng'ombe atachemsha maziwa kwa sababu ameambiwa tu. Siku asipoambiwa, je?

Chati zibaki ukutani, hatuzigombi. Ila mwalimu, mwanafunzi akishataja sehemu za moyo, muulize na mbuzi anao wa namna gani. Na wewe mzazi, kuku akichinjwa nyumbani, usimfukuze mtoto jikoni. Mwache aguse, ahesabu mifupa, aulize. Hilo ni somo la sayansi, tena lina mchuzi.